Bunduki ya Mume wa Milcah

"Dorcas, hivi mwenzio Milcah akizima taa yake, nanyi mwalala?"

Bi Sheikha aliuliza hivyo akiwa ameketi barazani mwake, mikono imezama katika unga wa mahamri, wala hakuinua uso. Hakukusudia ubaya mkubwa. Alikuwa mtu wa maneno tu, na asubuhi isingepita bila ya kumtupia mtu neno. Lakini Dorcas, aliyekuja kununua mahamri ya watoto, alihisi uso umemwiva.

"Sisi twalala tukishikwa na usingizi, Bi Sheikha."

"Ndivyo, mwanangu. Nimeuliza tu. Naona mwanga wavuka ukuta, na cha bure hakikataliwi."

Dorcas alichukua mahamri yake akaondoka. Njia nzima hakumjibu aliyemsalimu.

Dorcas na Milcah walikuwa wakikaa katika landhi za kampuni ya mafuta, Changamwe, safu ya vyumba vya mabati walivyopewa askari waliolinda matangi. Kuta za kutenga chumba na chumba hazikufika juu. Upande huu alikaa Gershom na mkewe Dorcas na watoto wao watatu, wa kwanza Nyamvula. Upande wa pili Mwarandu na mkewe Milcah, ambao hawakuwa wamejaliwa mtoto. Mwaka uliopita, katika mashindano ya shabaha, Mwarandu alitoka wa kwanza akapewa taa kubwa ya kupiga pampu. Tangu siku hiyo, jua likitua, mwanga mweupe ulipanda juu ya ukuta ukamwagika katika chumba cha Dorcas, ukamwonyesha sufuria zake, mkeka wake, na viraka vya chandarua chake. Hakuwa na haja tena ya kuwasha koroboi. Watoto walifurahi. Yeye alikaa akiutumia mwanga ule huku akiuchukia.

"Mimi nina watoto watatu," alizoea kujisemea, "na yeye ana taa. Na bado ni yeye anayesalimiwa kwanza."

Milcah hakuwa mtu mbaya. Kosa lake lilikuwa kwamba alicheka upesi, na leso zake zilikuwa mpya. Jikoni, ambako wake wote wa safu ile walipika pamoja, alikuwa akisema, "Mama Nyamvula, yangu ikiiva weka yako, moto bado mzuri," naye Dorcas aliyasikia maneno hayo kama mtu anayetupiwa makombo.

*

Mwaka huo vita vilikuwa vimekwisha. Manowari zilipungua Kilindini, na matangi hayakuhitaji tena askari wengi. Bwana Mkubwa, Mzungu wa kampuni, aliwapanga mstari akasema kwamba Jumamosi watapiga shabaha kule machimboni. Atakayetoka wa kwanza atakuwa koplo, na atahamia nyumba ya peke yake kule juu mlimani, yenye jiko lake na bomba lake uani. Atakayetoka wa mwisho atarudisha sare Jumatatu na kuondoka landhi.

Hakuna aliyeuliza wa mwisho atakuwa nani. Gershom alikuwa askari mwema. Hakulala zamu, hakugusa tembo, kila Jumapili alikuwa kanisani na wanawe. Lakini kwenye shabaha alikuwa tabu tupu. Siku ya mazoezi, karatasi yake ilirudi na matundu yote upande wa kulia, chini, kama kuku aliyedonoa pembeni mwa ungo akaogopa kuingia katikati.

"Umeona ya Mwarandu?" Dorcas alimwuliza jioni ile, akimpakulia ugali.

"Nimeiona."

"Iko vipi?"

"Katikati."

"Katikati yote?"

"Dorcas, niache nile."

Alimwacha ale, lakini hakumwacha. "Bunduki zenu zilikuja kwa sanduku moja," alisema. "Yake ijue katikati na yako isijue, kwa nini? Watu wanasema ya mume wa Milcah ina kitu. Kwenye kile kitundu cha kitakoni, mnamoweka mafuta. Wanasema kuna hirizi ilitoka kwao Kaloleni."

"Na mimi kwetu si Kaloleni? Mbona sikuletewa?"

Upande wa pili wa ukuta Milcah alicheka, akimcheka mumewe kwa jambo jingine kabisa. Dorcas aliinua uso akautazama mwanga.

"Unawasikia," alisema.

*

Alhamisi mchana Dorcas alimpelekea mumewe chakula. Njia ilipita nyuma ya ghala la silaha, na dirisha la ghala lilikuwa wazi. Alisikia chuma kikigongwa, taratibu, kama mtu anayevunja lozi asitake kuiponda. Akachungulia.

Sajini Matano, mzee wa Kidigo kutoka Likoni, alikuwa ameinama mezani na nyundo ndogo. Mbele yake palikuwa na bunduki imebanwa baina ya magunia, na pembeni pana tupa ya kusugulia chuma. Mwarandu alikuwa amejikunyata kwenye kitako cha bunduki, jicho moja amelifumba. Bunduki ile Dorcas aliijua. Kitako chake kilikuwa na doa jeusi la kuungua, na Gershom alikwisha kumsimulia mara nyingi jinsi lilivyopatikana, siku aliyoiegemeza karibu na jiko la zamu.

"Kulia kidogo tena, Sajini," Mwarandu alisema.

Sajini akagonga kile kichuma kilichosimama kwenye ncha ya mtutu, kile ambacho mpigaji hukitazama anapolenga. Kisha akainua macho, akamwona mwanamke dirishani. Alivuta gunia akaifunika bunduki.

"Mumeo yuko getini, mama," alisema.

Dorcas aliondoka dirishani. Alikwenda getini, akampa Gershom bakuli, akasimama akimtazama akila. Ulimi ulimwasha, lakini palikuwa na watu. Alirudi nyumbani akakoroga uji ukashika chini, akamchapa Nyamvula kwa kosa dogo, kisha akaketi kizingitini akingoja.

Laiti angeuliza pale pale dirishani neno moja tu, "Mnafanya nini?" Lakini mwenye wivu haulizi. Jibu analo kabla hajatoka nyumbani kwake.

Gershom alipoingia, alimvuta hadi pembeni, akanong'ona kwa sababu ya ukuta.

"Wameigonga bunduki yako."

"Nani?"

"Mume wa Milcah na Sajini. Kwa macho yangu haya. Na tupa juu. Waliponiona wakaifunika."

Gershom aliketi kitandani. "Mwarandu hawezi. Tulipanda lori moja siku ya kuja Mombasa. Blanketi langu ndilo tulilolalia sote wawili."

"Ndipo alipojua wewe ni mtu wa kulaliwa. Kama ni jambo la heri, kwa nini wafunike?"

Gershom aliinama. Alivua viatu, akavishika mkononi muda mrefu.

"Sasa nifanye nini?"

"Usiiguse hiyo yako. Mbele ya Bwana Mkubwa, mbele ya watu wote, iombe ya Mwarandu. Akikataa, watu watajua kuna kitu. Akikubali, kitu chao kitakuwa mkononi mwako."

Alilisema hili la pili polepole zaidi, kwa utamu. Moyoni, kwa uchungu, alikwisha kumwona Milcah akihamia kule mlimani na ndoo yake, akifungua bomba lake uani, akisema, "Mama Nyamvula, njoo ukinge na wewe, maji ni mengi."

*

Jumamosi askari walipangwa machimboni. Wanawake waliruhusiwa kukaa juu ya ukingo, nyuma ya kamba. Dorcas alikaa mwisho wa mstari. Milcah alimsogezea nafasi kwenye mkeka wake, naye akasema udongo wamtosha.

Kwa kila mtu zilikuwapo risasi tano. Chini ya shabaha, katika shimo, mtu alikaa na ufito mrefu. Kila risasi ikipiga, aliinua ufito akaonyesha mahali ilipoingia.

Gershom alipoitwa, hakulala chini. Alisimama wima.

"Naomba ruhusa, bwana. Bunduki yangu si nzima. Naomba ya Mwarandu, naye achukue yangu."

Mwarandu alimtazama kwa mshangao, kisha akamtazama Sajini.

"Gershom," Sajini Matano alisema, amekaribia, sauti chini. "Shika bunduki yako. Nakwambia kama baba yako. Shika yako."

Maneno hayo yalimthibitishia Gershom kila alichoambiwa. "Kama ni nzima, Sajini, mbona waogopa aishike mwingine?"

Bwana Mkubwa, aliyekuwa amekaa kitini chini ya mwavuli, aliuliza kuna nini. Sajini alisimama wima mbele yake. Kugusa bunduki za kampuni kwa nyundo bila ruhusa lilikuwa kosa, na yeye alikuwa na miaka michache tu kabla ya kustaafu. Alisema askari huyu ataka kubadilishana. Bwana Mkubwa uso ulimwiva. Alisema ni ujeuri. Basi wabadilishane, na asisikie neno jingine.

Walibadilishana. Gershom, kabla ya kulala chini, alikigeuza kitako, akakifungua kile kifuniko cha shaba, akatia vidole. Kilitoka kichupa cha mafuta. Kikatoka kitambaa na kamba ya kusafishia. Akaitikisa bunduki, hakikutoka kitu kingine.

"Salimia jini, Gershom," mmoja alisema mstarini. "Mwambie atupe na sisi mafuta kidogo." Wakacheka, hata wanawake kwenye ukingo. Dorcas hakugeuka kuona kama Milcah naye amecheka.

Gershom alipiga. Alipiga kama alivyopiga siku zote: alikaza meno, akafumba jicho kabla ya mlio, akakinyofoa kifyatulio kwa kiganja kizima kama mtu anayenyofoa pilipili shinani, na bega likaruka kulikwepa teke ambalo bado halijaja. Ufito uliinuka ukaonyesha kulia, chini. Risasi mbili hazikuonyeshwa mahali. Ufito ulipungwa hewani tu, maana yake hazikugusa hata karatasi.

Ikawa zamu ya Mwarandu. Yeye alilala chini bila haraka, akalijaribu shavu juu ya ubao wa bunduki mpaka likapata mahali pake, akavuta pumzi, akaiachia nusu. Kisha kidole chake kikakamua. Hakukuwa na neno jingine kwa lile alilofanya. Alikamua kama mwanamke anavyokamua tui, kwa nguvu inayoongezeka kidogo kidogo, hata asijue ni wakati gani litatoka. Mlio ulipokuja, yeye mwenyewe alionekana kama aliyeshtuliwa.

Ufito ulionyesha kushoto, juu.

Akapiga ya pili. Kushoto, juu, pale pale. Tundu lilikaribia kuingia katika tundu.

Mstarini watu walinong'ona. Mwarandu aliinua uso akatazama ncha ya bunduki ya Gershom, na waliokuwa karibu waliona ametabasamu kwa huzuni, kama mtu aliyekumbuka jambo. Alilala tena, akalenga nje ya katikati, kulia na chini, akazipiga tatu zilizobaki. Zote zilikwenda katikati. Lakini mbili za mwanzo zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa. Ukoplo ulimwendea Lewa, kijana wa Rabai asiye na mke wala sufuria ya kuweka katika jiko lile.

Kwenye ukingo Dorcas alijua kwanza kwamba Milcah hatahamia mlimani. Alifurahi. Alifurahi kwa moyo wake wote, kwa muda wa mtu kufunga leso, kabla ya kusikia jina la mumewe likitajwa la mwisho. Hakuna binadamu aliyeiona furaha ile, lakini Mungu aliiona.

*

Bwana Mkubwa alipokwisha kuondoka na gari lake, Sajini Matano alimzuia Gershom. Alimpa bunduki yake ile yenye doa jeusi na risasi alizobakiza.

"Lala. Piga."

"Ili iweje sasa, Sajini?"

"Piga, nimesema."

Gershom alipiga kwa hasira, kwa kunyofoa kule kule, jicho limefumbwa vile vile. Ufito uliinuka katikati. Ukainuka katikati tena. Ya tatu ilikwenda kidogo pembeni, lakini ndani. Gershom aliinua kichwa akautazama ufito kama mtu anayeitwa kwa jina lake na sauti asiyoijua.

"Kila mtu ana mkono wake," Sajini alisema. "Wewe wanyofoa. Ukinyofoa, mtutu wainama kwenda kulia. Nisingeweza kukubadilisha mkono kwa siku mbili, mkono wa mtu ni kama mwendo wake. Basi nikakibadilisha chuma. Nilikisogeza kulia na kukipunguza kwa tupa, ili ukikosea kosa lako, risasi iende panapotakiwa. Bunduki hiyo ilikuwa imekwisha kuwa yako peke yako. Akiishika mtu anayelenga sawasawa, lazima ikose. Umemwona mwenzio."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungeanza kujisahihisha. Chuma chakusahihisha, na wewe wajisahihisha, risasi ingetua kule Miritini."

Gershom aliinuka, akapiga magoti. "Nani aliyekuomba unifanyie hivi?"

Sajini aligeuza uso kumtazama Mwarandu, aliyekuwa mbali kidogo, ameinama akiokota maganda ya risasi.

*

Jumapili baada ya ibada Milcah alibisha mlangoni. Watoto walikuwa nje. Gershom alikuwa amelala kitandani ameelekea ukutani, na sare yake ilikuwa imefuliwa, imekauka, imekunjwa juu ya sanduku. Dorcas alikuwa akichambua mchele.

"Hodi, Mama Nyamvula."

"Karibu," Dorcas alisema, bila kusogeza ungo.

Milcah alisimama. "Baba watoto habari zake?"

"Mzima."

"Nimetumwa na Mwarandu. Ameona haya kuja mwenyewe." Alijifunga leso vizuri. "Walikwenda kwa Sajini jana, yeye na Lewa. Sajini amesema yuko tayari kukiri habari ya nyundo, na liwalo na liwe. Lakini amesema hiyo haitoshi. Bwana Mkubwa hakukasirishwa na shabaha, amekasirishwa na ujeuri. Anaona Gershom alimtia aibu mbele ya watu kwa kusudi."

"Hakuwa na kusudi."

"Ndilo jambo lenyewe. Sajini asema, kesho kabla sare haijapokelewa, wewe uje ofisini. Useme ulichokiona dirishani na ulichomwambia mumeo. Sajini anamjua Bwana Mkubwa. Asema akisikia ni mke aliyemtia mumewe maneno, atacheka, na akicheka atakubali apige tena kwa bunduki yake. Na kwa bunduki yake atapita, sote tumeona."

"Atacheka," Dorcas alisema.

"Ni Mzungu, Mama Nyamvula. Acheke. Kucheka kwake kunakutoa nini?"

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Nitakusindikiza. Nitasimama nawe, usione upweke."

Dorcas aliupepeta ungo mara moja, makapi yakaruka. Aliiona ofisi ile: yeye katikati amesimama na leso yake iliyopauka, anasimulia alivyochungulia dirishani kama mwizi, Bwana Mkubwa anacheka, makarani wanacheka, na pembeni yake Milcah, na leso yake mpya, hacheki. Hilo la mwisho ndilo lililomshinda. Kama Milcah angekuwa wa kucheka, pengine angekwenda.

"Mwarandu alimwomba Sajini aigonge," alisema. "Sikumtuma. Mume wangu hakumtuma. Aliona huruma, siyo?"

"Aliona ndugu yake atafukuzwa."

"Mwatuhurumia. Mwanga mwatupa nyinyi, moto jikoni mwatuachia nyinyi, sasa na kazi mtupe nyinyi. Nikitoka hapo ofisini nitakuwa nakula ugali wako, Milcah, kila siku, mpaka nife. Kila nikimpakulia mume wangu nitajua ni wako."

"Mimi sijasema hivyo."

"Hujasema. Huna haja ya kusema."

Milcah alikitazama kitanda. Gershom alikuwa amegeuka, amekaa, miguu sakafuni. Alikuwa amesikia yote.

"Dorcas," alisema. Ilikuwa nadra kumwita hivyo mbele ya watu. "Nenda."

"Sendi."

"Ni maneno tu. Mimi nilichekwa jana mbele ya safu nzima, na niko hai."

"Sendi, Baba Nyamvula. Heri tufunge vyombo vyetu turudi Kaloleni tukalime mihogo, kuliko nisimame nyuma ya mwanamke huyu nichekwe."

Mlango ulikuwa wazi, na nje watoto walikuwa wakibishana juu ya mpira wa matambara. Milcah alikuwa akimtazama Gershom, kwa sababu uamuzi uliobaki ulikuwa wake.

Gershom aliinuka. Aliichukua sare pale juu ya sanduku, kofia juu yake, mkanda juu ya kofia, akavibeba kwa mikono miwili hadi alipoketi mkewe. Aliviweka mapajani mwake, juu ya ungo wa mchele, punje zikamwagika sakafuni. "Kesho utairudisha wewe," alisema. Gershom akapita kati ya wanawake wale wawili, akainama kwenye kizingiti, akatoka.